Nani Anamcheza Taratibu

Ukitaka kujua watu wanakuhitaji kiasi gani, kosa kuja Jumamosi chache halafu uulize kama kuna aliyeona pengo lako. Mimi nilikosa, nikauliza, na jibu nikapewa bila kuzungushwa: hakuna pengo, kwa sababu nilikuwepo. Nilitembea na wenzangu, nikapigana, nikatukana walinzi wa geti, na kuoa nilikaribia kuoa. Tatizo ni kwamba wakati mambo yote hayo mazuri yananitokea, mimi mwenyewe nilikuwa chumba cha kufulia cha hospitali, nalisha shuka mbichi kwenye rola ya kupigia pasi.

Ngoja nieleze, usije ukadhani nimerogwa.

Tuna mchezo wetu. Hauna karata wala ubao. Mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, na waliobaki kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo kuna mtu anawapungia taa. Mnafanya nini?" Nanyi mnajibu, kila mtu kwa mdomo wa mhusika wake. Jambo likiwa gumu mnarusha dadu, dadu zinasema umeweza au umeanguka. Basi, mchezo ndio huo. Mtu akichungulia dirishani atatuombea, maana atamkuta mwalimu wa chekechea, mama mzima na mtandio wake, akisema kwa upole, "Mimi namvua maiti viatu."

Utamu wake ni mmoja: hakuna anayekuamulia. Kazini kwangu rola ndiyo inaamua mikono yangu iende kasi gani, na msimamizi anaamua nitakunywa chai saa ngapi. Pale mezani ni tofauti. Msimulizi anaweza kuwa ameandaa kushoto wiki nzima, ameweka kasri, malkia na mbwa wenye vichwa viwili. Ukisema unakwenda kulia, atameza mate na kuanza kubuni huko kulia kukoje.

Msimulizi wetu tunamwita Meno. Ni fundi wa meno ya bandia, na dadu zetu alizichonga mwenyewe kwa masalia ya kazini, zile plastiki za rangi ya fizi. Ukizirusha unahisi kama umekamata kinywa cha bibi wa watu. Tunacheza kwake, kwenye meza ya kulia chakula ambayo mguu wake mmoja unategemea kipande cha kigae. Wachezaji ni dada yangu, ambaye ni msusi, na mhusika wake ni mpiga mishale; mumewe, yaani shemeji yangu, fundi simu, ambaye mhusika wake ana shoka na kwake kila tatizo ni kuni; Mwalimu, yule wa maiti na viatu, ambaye mhusika wake ni mwizi; na mimi, ambaye wote pale wananiita Dobi.

Mhusika wangu ni Taratibu.

Taratibu ni mzee mchimba mifereji. Hakimbii. Akifika kwenye mlango asioujua anauwekea kiganja kwanza, anasikiliza, ndipo anabisha. Na ukimpa habari yoyote, iwe ya heri au ya moto, anakuuliza, "Kisha?" Siku ya kwanza Meno alisimama, akapanua mikono, akanguruma, "Joka limetoka pangoni! Linatema moto! Miti inateketea!" Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Kisha?" Meno alikaa chini kama mtu aliyedaiwa risiti. Lakini baadaye alikiri kwamba mzee yule anamfanya afikiri.

Sikumtoa hewani. Nilimtoa nyumbani.

Baba alikuwa fundi bomba. Aliweka kiganja ukutani kabla hajashika spana, na alituuliza "Kisha?" mpaka habari yenyewe inaishiwa na kuona aibu. Alifariki nikiwa bwenini, kidato cha nne, katikati ya mtihani wa mwisho. Mama na Dada walishauriana wakakubaliana kwamba mtoto asiambiwe, amalize kwanza. Nikamaliza. Nikarudi na begi na godoro kichwani, nikakuta vijana wanapakia viti vya kukodi kwenye gari, nikawauliza sherehe ilikuwa ya nani. Kemia nilifaulu, asante kwa kuuliza.

Sikuwalaumu kwa sauti. Mambo ya namna ile hayana sauti. Lakini nilipoketi mara ya kwanza kwenye meza ya Meno akaniambia, "Buni mtu yeyote unayemtaka," mkono wangu haukusita. Na nilikuwa na nia moja tu, ambayo sikumwambia mtu: siku safari ya wahusika wetu itakapofika mwisho, mzee yule arudi kwake kwa miguu yake, na mimi niwepo. Wenzangu walitaka hazina na ufalme. Mimi nilitaka mtu mmoja afike nyumbani.

Sasa kuna kanuni moja, na ni mimi niliyeipendekeza, nikashangiliwa. Zamani Dada alikuwa akikosa kila kukiwa na bibi harusi wa kusuka, na hadithi inakwama, mpiga mishale wetu amesimama tu msituni kama nguzo ya umeme. Nikasema, jamani, asiyekuwepo achezewe na aliyekaa upande wake wa kulia. Ikapita bila kupingwa. Mimi nilikuwa nakaa dirishani kwa ajili ya upepo. Kulia kwangu alikuwa Shemeji.

Halafu msimamizi akabadilisha zamu.

"Jumamosi mchana utakuwa wewe," aliniambia huku anahesabu mashuka ya chumba cha upasuaji, bila kuinua macho.

"Msimamizi, Jumamosi nina jambo."

"Jambo gani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Kwamba kuna mzee lazima nimvushe bonde la wafu pamoja na mwizi? "La kifamilia," nikasema.

"Wagonjwa hawana Jumamosi, kijana. Wanalowesha siku zote."

Nikampigia Shemeji.

"Shem, nakuomba kitu kimoja. Taratibu hakimbii. Hapigani. Mlangoni anaweka kiganja kwanza."

"Shem, ondoa shaka. Nitamlea kama yai."

Simu haziruhusiwi karibu na mashine, zinakaa kabatini na viatu vyetu. Kwa hiyo Jumamosi ile nilishinda nikishika ncha za shuka na Bi Pembe, mama ninayefanya naye kazi, yeye pembe zake mbili, mimi zangu mbili, tunanyoosha, tunalisha, rola inameza, inadai nyingine. Ukichelewa shuka inaingia na mkunjo, na mkunjo ukishaingia hauna rufaa. Ilipofika saa ya chai nikafungua kabati. Ujumbe wa Shemeji ulikuwa unaningoja: "SHEM!!! Taratibu kamkata mtu kichwa."

Nikampigia. "Kamkata nani?"

"Hata hatumjui. Alikuwa amesimama vibaya."

"Shem, Taratibu hana hata kisu!"

"Nilimwazima shoka langu. Shem, ungemwona! Kaweka kiganja mlangoni kama ulivyoniagiza, kasikiliza, halafu kaubomoa."

Jumamosi iliyofuata mzee wangu aliruka mtaro wa moto. Nyingine akaimba juu ya meza ya hoteli mpaka mwenye hoteli, mjane mwenye mali, akamtumia uji chumbani. Na lile neno lake, lile "Kisha?" la kiganja ukutani, Shemeji alilifanya mbiu ya vita. Anainua mkono, anavuta pumzi, "Kishaaaa!" na watu wanaanguka pande zote. Mwalimu aliniambia watoto wake wa chekechea wanalipiga kabla ya kushuka bembea. Shemeji mwenyewe analitumia dukani akimaliza kufungua simu iliyogoma.

Nilituma maagizo. Niliyarekodi kwa sauti, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yalisikilizwa, nikajibiwa vidole gumba, na Taratibu akaendelea na maisha yake mapya. Dada alinitumia rekodi moja, humo hamna neno, ni kicheko chake tu, kile cha kukosa pumzi, na nyuma yake Shemeji anapiga "Kishaaaa!" Kicheko kikaisha, rekodi ikaendelea, kimya, mtu anapenga kamasi. Nikasema moyoni, ona huyu naye, amecheka mpaka amelia. Nikaifuta.

Kisha ikaja ya kiapo.

"Usikasirike," Shemeji alianza, na mtu akianza hivyo, wewe kasirika. "Kuna handaki la maji. Ndiyo njia pekee ya kutoka kwenye lile bonde. Lango lake ni la jiwe, linainuliwa kwa gurudumu, na likiachiwa linaanguka, maji yanajaa upande wa bonde, kwa aliyebaki. Kwa hiyo lazima mmoja abaki ameshika wengine wapite."

"Na?"

"Taratibu kaapa kwamba atabaki yeye. Mbele ya mji mzima, shem. Kapiga goti. Meno kavua miwani akaifuta."

"Shem, akibaki anakufa."

"Ndiyo uzuri wake!"

Nilirudi kwenye rola. Bi Pembe akaniona.

"Una nini leo? Shuka inakwenda upande."

"Mzee wangu kaapa kufa," nikasema, sijui kwa nini.

Bi Pembe akaachia pembe zake. "Pole, mwanangu! Yuko wodi gani?"

Ningemwambia nini? Nikamwambia ametoka, yuko nyumbani. Akaniombea dua palepale, na mimi nikaitikia amina, maana dua haikatai anwani.

Nilimwomba msimamizi ruhusa ya Jumamosi inayofuata. Akakataa. Nikamwomba mwenzangu wa zamu ya asubuhi tubadilishane. Alikubali, akaumwa jino. Nikampigia Meno asogeze handaki mbele wiki moja tu. "Dobi," akaniambia kwa upole, "siwezi kuwasimamisha watu mlangoni mwa handaki wiki nzima, maji yanapanda." Maji yanapanda! Maji aliyoyabuni mwenyewe bafuni kwake!

Basi, aliyenihurumia akawa boila ya mvuke. Jumamosi ile, hatujamaliza hata toroli la pili, ilikohoa, ikapiga mluzi, ikazima. Rola zikapoa. Msimamizi alizunguka akiitukana kwa lugha ambayo hakuitumia kwa binadamu, mwisho akatupungia mkono twende zetu. Sikuvua hata aproni. Nilikwenda kwa Meno mbio, jambo ambalo Taratibu, yule wa kwangu, asingelifanya.

"Mgeni!" Meno akapaza sauti aliponiona mlangoni. "Karibu, karibu. Tulikuwa ndio tunaanza."

"Mgeni ni nani? Sogeeni."

Walisogea. Kiti changu cha dirishani kilikuwa na mkoba wa Mwalimu, ukatolewa. Karatasi ya Taratibu ilikuwa mbele ya Shemeji, chini ya kiwiko chake, ina alama za chai na nyongeza za mwandiko wake. Akanisogezea. Niseme ukweli, alinisogezea kwa mikono miwili.

"Haya mzee, baba yako karudi," akaiambia karatasi.

Dada alinigusa bega. "Umekula, mdogo wangu?"

"Nitakula baadaye."

Meno akaanza. Tumefika kwenye lango. Jiwe lina ukungu, nyuma yake maji yananguruma, na wazee wa mji wamesimama kando na mienge kuona kama kiapo kitatimia. Mmoja wao akamkaribia Taratibu, akamwambia, mzee, maji yamefika kiunoni mwa lango, yatafika shingoni kabla jua halijazama.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimengoja zamu ile kwa majuma. Nikashusha sauti, nikamwita kutoka kule anakokaa.

"Kisha?" nikasema.

Mwalimu akainamisha kichwa upande. "Mbona anaongea hivyo? Anaumwa?"

"Ndivyo anavyoongea."

"Taratibu? Hapana bwana." Aliniambia kwa sauti ile ya kumfunga mtoto kamba za viatu. "Hebu sema vizuri, kama yeye."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyembuni."

"Najua, Dobi, na tunashukuru. Lakini sema kama yeye."

Shemeji alitazama dari, akijizuia kusaidia. Mtu anayejizuia kukusaidia anaumiza kuliko anayekupiga.

Dada akatangulia handakini na upinde wake mgongoni, Mwalimu nyuma yake, shoka la Shemeji mwisho. Meno aliwavusha mmoja mmoja mpaka katikati. Akanitazama juu ya miwani.

"Taratibu ameshika gurudumu kwa mkono mmoja. Anasikia jiwe linataka kushuka. Anafanya nini?"

"Anawangoja wapite," nikasema. "Halafu anaachia, anapita chini ya lango kabla halijagonga, anakwenda kwao. Kiapo abaki nacho aliyekiapa."

Walinitazama kama mtu aliyevunja glasi ugenini.

"Hawezi," akasema Mwalimu.

"Anaweza. Nimesema."

"Kaapa, Dobi," akasema Meno. "Akiachia mapema bonde lote linazama. Kuna watoto kule."

"Watoto umewaweka wewe! Watoe!"

"Siwezi kuwatoa, wameshawaona."

"Mimi sikuapa."

"Wewe hukuapa. Yeye aliapa."

"Yeye ni mimi! Ni nani mwingine?" Nikamgeukia Shemeji, maana ndiye wa karibu. "Shem, nilikwambia hakimbii, hapigani, haimbi. Ulimtoa wapi huyu mtu anayeruka mitaro? Huyu si Taratibu. Umeniharibia mtu."

Shemeji akageuka. Alimtazama mkewe. Na mimi nikamtazama Dada, na ndipo nilipoona kwamba hakuwa amecheka tangu nimefika.

"Alimtoa kwangu," akasema Dada.

"Nini?"

"Kila Ijumaa usiku ananiuliza, na kesho mzee afanye nini? Nami namwambia. Mtaro aliruka kweli. Wa maji machafu, nyuma ya shule yetu, mimi nikiwa mabegani, nina miaka mitano. Alipiga hivyohivyo, 'Kishaaaa!' Tuliangukia ng'ambo kwenye tope, Mama akagoma kutufungulia mlango." Alikuwa anaongea akitazama dadu. "Na meza ya hoteli aliipanda siku alipopata kazi ya manispaa. Aliimba vibaya sana."

"Baba?"

"Baba."

Meno akavua miwani. Nadhani ndipo walipojua, wote kwa pamoja, wamekuwa wakicheza na nani.

"Baba hakuwa hivyo," nikasema.

"Wewe ulimpata amechoka, mdogo wangu. Nimekuzidi miaka kumi na moja. Ulipoanza kukumbuka mambo, magoti yalikuwa yamekwisha na kifua kimeanza. Alikuwa anaweka kiganja ukutani kwa sababu anatafuta pumzi."

Kuna vitu ukiambiwa unatafuta kwa haraka mahali pa kuviweka, huoni. Kiganja kile! Nilikifanya sheria ya mtu mzima. Nilikifundisha kwa Shemeji kwa rekodi tatu za sauti.

"Lakini ni wangu," nikasema tena, na nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtoto aliyeporwa peremende. "Dada, wewe ulikuwepo kila mahali. Huyu mmoja ni wangu. Acha nimpeleke nyumbani."

"Sijakukataza," akasema.

Na kweli, hakuna aliyenikataza. Meno alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mchezaji wa Taratibu yupo, kwa hiyo anaamua yeye, hata kama meza haipendi. Wote wakakubali. Shemeji akatikisa kichwa kuafiki. Wakaniachia uwanja mzima.

"Taratibu anafanya nini?" Meno akauliza.

Nikafungua kinywa. Nilijaribu ile sauti ya chini, ikaja na kikohozi, na sasa kila nikiisikia naona mtu anayetafuta pumzi. Nikajaribu kumsikia yule wa mtaroni, yeye simjui, na sauti yake ni ya Shemeji. Nikatafuta wa tatu, mtu yeyote atakayekubali kusogeza mguu nikimwambia sogeza. Hakuna aliyekuja. Nilikuwa na ruhusa yote duniani na sina mtu wa kumtumia.

Meno akangoja. Mwalimu akamwaga chai kidogo kwenye kisahani, bila sababu.

"Nimsaidie?" Dada akaiuliza meza, si mimi.

Sikukataa.

"Anashika gurudumu kwa mikono miwili," Dada akasema. "Anatuambia tutangulie, tusimkodolee macho. Anavua viatu, anataka vikae sawa chini ya kitanda..." Akajisahihisha. "Chini ya lango. Anaomba maji, anakunywa funda moja, anasema yana ladha ya kutu, mabomba ya huku yamezeeka. Mama anamwambia anyamaze apumzike. Hanyamazi. Anauliza kama kijana amefika."

"Kijana yupi?" Meno akauliza, kwa mazoea ya kazi yake, akajuta palepale.

"Kijana wake. Anaambiwa yuko njiani."

Mimi sikuwa njiani. Nilikuwa ukumbi wa mtihani, na karatasi iliyogeuzwa mgongo juu ya meza, nangoja kengele.

"Nani alimwambia?" nikauliza.

"Mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa." Dada alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Baadaye akauliza tena. Nikamwambia tena. Basi, akawa ameshika tu. Alishika muda mrefu, mdogo wangu. Nilidhani atashika mpaka ufike."

Nje mtu alikuwa anavuta geti la duka, linakwaruza. Meno, masikini, ana kanuni zake, na mtu akizidiwa hushika kanuni zake. Akanisogezea dadu mbili zile za rangi ya fizi.

"Kushika lango ni jambo gumu," akasema, sauti imekauka. "Lazima zirushwe. Tisa kwenda juu, jiwe linakwama kwenye mfereji wake na yeye anapata nafasi ya kutoka. Rusha wewe, Dobi."

Nikazirusha. Sikuzitikisa hata, niliziachia tu. Zikabingirika, moja ikagonga kisahani cha Mwalimu. Sita na tano.

Shemeji akaruka kutoka kitini. "Kapona! Kumi na moja! Shem, kapona!" Alikuwa analia, jitu zima la shoka, amenishika kichwa kama mpira. "Kapona, jamani, dadu zimesema!"

"Hapana," Dada akasema.

Shemeji akaniachia.

"Dadu zinasema..." Meno akaanza.

"Zimesikika. Hapana. Nilikuwepo."

Alisema bila ukali, kama unavyomwambia mtu mvua imeacha. Meno akazitazama zile dadu, akamtazama Dada, akanigeukia mimi kwa macho ya kuomba radhi.

"Mhusika ni wako," akasema. "Dadu zimekupa. Ukisema ametoka, ametoka, na mimi nitaeleza alivyotoka. Unasemaje?"

Mimi ni mtu wa maneno. Shuleni nilichapwa kwa maneno, kazini nimepewa onyo kwa maneno, na kwa kawaida utani ndio unaonitangulia mlangoni, mimi nafuata. Nikatafuta hata mmoja. Nikawaza kusema ametoka. Neno ni dogo, lina silabi nne. Mkononi mwangu kulikuwa na kumi na moja halali. Lakini Dada alikuwa ananitazama, na machoni mwake hakukuwa na katazo lolote. Alikuwa tayari kuniachia. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba angeniachia, na mzee angetoka handakini akitikisa maji, na wote wawili tungejua anayetembea pale ni nani.

Nilikaa kimya mpaka kimya chenyewe kikawa jibu. Meno aliinamisha kichwa, akasema lango limeshuka. Hakuongeza pambo lolote. Shemeji alikaa, akafuta uso kwa kiganja, na Mwalimu akasema, taratibu sana, "Tuendelee au tuache?"

"Tuendelee," Dada akajibu. "Wako katikati ya handaki, hawawezi kulala humo."

Basi mpiga mishale akatangulia, mwizi akafuata, mwenye shoka akaja nyuma yao bila kupiga mbiu. Wakatoka upande wa pili salama. Meno aliwaeleza kulivyo huko nje, mwanga, majani marefu, mji unaoonekana kwa mbali na moshi wa jioni, kwa kirefu kama kawaida yake, na kila alipofika mahali pa kuuliza mnafanya nini alimtazama mmoja wao. Mimi nilikuwa dirishani na aproni yangu ya kazi, nasikiliza, sina mtu huko.